Kwa Jimi Hendrix, London: nendeni, ila msiongozwe kama nilivyoongozwa mimi

Hasira haijaniisha, kwa hiyo naanza nayo. Siku za karibuni nililipia ziara ya kuongozwa, kupita mitaa ya London aliyoishi Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani. Kampuni siitaji. Kilichonitoa pesa mfukoni ni kituo kimoja tu: Brook Street namba 23, Mayfair, orofa ya juu, alipokaa na mpenzi wake Kathy Etchingham mwaka 1968 hadi 1969. Sasa ni makumbusho, na chumba chao cha kulala kimerudishwa kama kilivyokuwa, kwa kufuata picha na kumbukumbu za Kathy mwenyewe.

Kiongozi alitupandisha ngazi mbiombio kama anaswaga mbuzi. Sijamaliza hata kuangalia mazulia na vitambaa, ameshapiga makofi: "Tayari? Twendeni."

Nikamuuliza swali. Mimi napiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Utotoni kwetu Tanga nilichapwa kwa ajili ya mkono huo: usile nao, usipokee kitu nao, usithubutu kumpa mtu mzima kitu kwa mkono huo. Hendrix naye alikuwa wa kushoto. Alichukua Stratocaster, gitaa la umeme, iliyotengenezewa watu wa kulia, akaigeuza juu chini, akazipanga nyuzi upya ili ule mnene ukae juu. Nilitaka tusimame kidogo tuongee hilo, basi. Akanijibu mbele ya kundi zima: "Hii si shule ya muziki. Kitanda umekiona, picha umepiga, wenzako wanakungoja."

Nimetoka nyumbani alfajiri, nimelipa kila kitu kabla, halafu naambiwa hivyo na kijana wa umri wa mwanangu!

Na yenye maana yote akayaruka. Kwenye santuri za Jimi hakusimama kabisa, wakati ndipo unapomfahamu Jimi alikuwa mtu wa masikio ya namna gani: Muddy Waters na Bob Dylan, wanamuziki wa Marekani, na Handel, mtunzi wa muziki wa kale. Ndiyo, Handel huyuhuyu ambaye kwaya zetu humwimba kila Pasaka. Aliishi ukuta wa pili, namba 25, tangu 1723 mpaka alipofariki humo 1759. Jimi alipopata habari za jirani huyo, akaenda dukani kununua muziki wake. Kiongozi wetu Handel alimmaliza kwa maneno mawili: "mzee wa zamani."

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba msiende. Nimeifuta sentensi hiyo. Kundi lilipoondoka mimi nilibaki, na mama mmoja anayeangalia chumba aliniacha nikae nipendavyo, akasikiliza habari za mkono wangu mpaka mwisho. Jimi aliingia Uingereza 1966 wengi hawamjui, akafia jiji hilohilo 1970 akiwa na miaka 27, na humu ndimo alimosema ni nyumba yake ya kwanza ya kweli. Nililia mbele ya kile kitanda, wala sioni aibu kulisema.

Basi chumba nyota tano, ziara moja. Hapana, hata hiyo moja siitoi mpaka wanirudishie pesa. Kateni tiketi ya makumbusho wenyewe, mpande ngazi kwa mwendo wenu, na santuri msizipite. Kampuni nimewaandikia, wako kimya. Nitawaandikia tena.