DokuWiki kwa timu ndogo ya programu: nzuri, ukijua usiweke nini humo

DokuWiki ni programu ya bure ya kuendesha wiki, yaani tovuti ambayo timu nzima huandika na kuhariri kurasa zake. Programu hii, iliyoanzishwa na Andreas Gohr mwaka 2004, haihitaji hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi ndani ya data/pages. Matoleo ya zamani hukaa data/attic. Kwa timu ya watu watano hapa Mwanza, kompyuta kuukuu yenye PHP, lugha ya programu inayoiendesha, inatosha, na intaneti ikikatika kurasa zinafunguka kwenye mtandao wa ofisi. Nakala ya akiba ni kunakili folda data na conf, basi.

Tatizo ni kwamba kufungua ukurasa ni rahisi mno, hivyo wiki hugeuka dampo. Ilani ya ajaili (agile, mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi) ya 2001 ilitanguliza programu inayofanya kazi kuliko nyaraka lukuki. Haikusema nyaraka zitupwe.

Kabla ya kuandika ukurasa jiulize: swali unalotaka kulijibu, msimbo (code) wenyewe unalijibu? Chukua mfumo wa kupimia samaki pale mwaloni Kirumba. Picha za fomu ya mizani zitachakaa baada ya siku kumi na nne, ziache. Lakini kwa nini uzito unahifadhiwa kwa gramu, namba kamili, na si kilo zenye desimali? Kwa sababu desimali za kompyuta huacha vimakosa, na jumla ya malipo ikakataa kulingana na risiti. Hilo msimbo hausemi, na mgeni kwenye timu atarudisha kilo akidhani anasafisha. Liandikwe siku lilipoamuliwa, nusu ukurasa: hali, uamuzi, njia zilizokataliwa, gharama. Weka vichwa hivyo kwenye _template.txt ndani ya folda ya maamuzi, vitajitokeza kila ukurasa mpya. Uamuzi ukibatilishwa usifutwe. Uelekezwe kwa mpya. Andika pia simu mbili zilizokuwa Ukerewe bila mtandao zikileta rekodi zinazopingana, ipi inashinda.

Nywila usiziweke kamwe: hata ukizifuta, attic inazo. Baada ya kusakinisha, andika anwani ya wiki yako kwenye kivinjari, ukiongeza mwishoni data/pages/wiki/dokuwiki.txt. Ikisomeka, seva yako iko uchi: yeyote anaweza kusoma mafaili yake. Na anayehariri hufunga ukurasa kwa dakika 15, kwa hiyo asiuache wazi akaenda kula sato.

Udhaifu mkubwa ni kuwa wiki iko mbali na msimbo: mmoja hubadilika, mwingine husahaulika. Maelekezo ya kusakinisha mfumo yakae kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na msimbo. Wanaopitia kila badiliko humo wahamishie hata maamuzi huko, DokuWiki wamwachie karani wa mizani na mhasibu.