Imobilaiza ya Gari: Muulize Fundi Rilei Imefungwaje

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: imobilaiza, yaani kifaa cha kuzuia gari lisiwashwe na asiyeruhusiwa, imefungwa, risiti ipo, na gari limeibwa vilevile. Kwa hiyo sitashughulika na ving'ora wala rimoti. Nitashughulika na rilei, yaani swichi ndogo inayokata umeme wa stata au wa pampu ya mafuta.

Rilei hufungwa kwa namna mbili. Katika ya kwanza, umeme hupita muda wote hadi kisanduku cha kifaa kitoe amri ya kukata, hivyo mwizi akikichomoa chini ya dashibodi, injini inawaka kama kawaida. Katika ya pili, umeme hubaki umekatwa hadi kisanduku kimtambue dereva, na kukichomoa hakumfaidii mwizi chochote. Vifaa vingi vya GPS, vya kufuatilia gari lilipo, vyenye huduma ya kuzima injini hutumia namna ya kwanza ili gari lisizimike njiani kifaa kikiharibika. Sababu hiyo ni ya msingi, lakini anayekuuzia kifaa hicho kwa jina la imobilaiza anakulaghai, na ndiyo maana katika orodha yangu ya kinga nakiweka nafasi ya mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa imobilaiza iitwayo Autowatch Ghost, na upendeleo wangu siufichi. Huwasiliana na kompyuta ya gari kupitia nyaya za CAN, mtandao unaounganisha kompyuta za gari, na injini haiwaki mpaka dereva abonyeze namba ya siri kwa vitufe vya gari lenyewe, hivyo hakuna mawimbi ya rimoti ya kunaswa. Magari ya zamani yasiyo na CAN hayawezi kuitumia.

Inafuata imobilaiza ya kiwandani. Chipu iliyo ndani ya ufunguo haina betri. Huamshwa na koili iliyozunguka swichi ya kuwashia, na kompyuta isipoitambua, gari haliwaki. Huko Marekani, magari mengi ya Kia na Hyundai yaliuzwa bila kinga hiyo, vijana wakawa wanayawasha kwa kichwa cha waya wa USB. Nasi tusidhani kila gari lililotumika Japani linayo. Udhaifu wake ni soketi ya OBD, ile ya kupimia hitilafu za gari, ambako mwizi mwenye mashine husajili ufunguo mpya, hivyo ifungie kufuli.

Ya tatu ni imobilaiza ya dukani yenye rilei ya namna ya pili. Swichi ya siri, ya kukata umeme kwa mkono, ni rahisi, ila mafundi wengi huificha mahali palepale.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaotaja bei ya kifaa, kisha wakaongeza ya ufundi na ya nyaya, lakini wakiombwa waandike kwenye risiti aina ya rilei, wanakuwa wakali. Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi achomoe kisanduku mbele yako na kujaribu kuwasha gari, likiwaka, usilipe.