Radian ya E-flite: glaida (ndege ya kuelea hewani) ya rimoti ya kuanzia, ila si ya upepo mkali
Mabawa yake ya povu yana upana wa mita 2 na yamekunjwa juu kuelekea nchani, kwa hiyo ukiachia vijiti vya rimoti inajinyoosha yenyewe. Haina eleroni (vibao vya kugeuzia vilivyo nyuma ya mabawa), usukani wa mkiani ndio unaoigeuza, tena taratibu. Betri ni lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, yenye ujazo wa mAh 1300. Ipandishe kwa mota, zima, propela ijikunje, kisha tafuta hewa ya joto inayopaa: bawa moja likiinuka lenyewe, zungukia upande huo. Usiipigishe mbizi kali, maana bomba la kaboni linaloimarisha mabawa halifiki nchani na mabawa hupinda kupita kiasi. Kabla ya kurusha, sogeza betri mpaka uwiano wa uzito wa mbele na nyuma ukae sawa. Mkia ukizidi uzito, pua huinuka na kasi hupotea.