Raba za kike za soli nyembamba: kilomita 400 za lami na udongo wa Karura

Jozi niliyoijaribu kwa kukimbia ni namba 39, na kwenye mizani ya jikoni kila kiatu kina gramu 182. Soli ya nje ni mpira wa milimita 4, juu yake soli ya ndani ya milimita 3 inayotoka. Kisigino na vidole viko usawa mmoja, bila ule mwinuko wa milimita 8 hadi 12 uliozoeleka kwenye raba za kawaida. Hakuna sponji, hakuna kipande kigumu cha kushika uvungu wa wayo, na kiatu kizima unakikunja kama chapati. Aliyewahi kuvaa akala za tairi atasema kutokuwa na kisigino si jambo jipya, na hakosei.

Karibu nusu ya kilomita hizo 400 ni lami ya Ngong Road, Nairobi, na vijia vya kabro (matofali ya zege), nusu nyingine ni msitu wa Karura pamoja na vilima vya Ngong Hills kidogo.

Nianze na saizi, maana hapo ndipo pesa hupotea. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo: kanyaga karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye kidole kirefu zaidi (si lazima kiwe gumba), kisha pima na mguu wa pili. Chukua ulio mrefu, ongeza milimita 8 hadi 10. Aliyejifungua karibuni apime upya, kwa sababu mimba inaweza kurefusha wayo na usirudi ulivyokuwa. Ukiwa dukani, toa soli ya ndani uisimamie; kidole kikivuka ukingo, rudisha kiatu.

Raba kadhaa za kike za aina hii ni za kiume zilizopunguzwa na kubadilishwa rangi. Kisigino hubaki kipana, na mguu unahama ndani ya kiatu kila unaposhuka mteremko. Hizi zimekatwa vizuri, mbele pana na nyuma finyu, ila ukingo wa kisigino hauna pamba yoyote. Bila soksi, malengelenge yalianza kilomita ya 5. Soksi nyembamba ilitosha, pamoja na kupitisha kamba kwenye tundu la mwisho, lile ambalo wengi huliacha wazi. Kaza hapo juu, legeza mbele ili vidole vitawanyike.

Kwenye lami, sikiliza. Mlio wa “pwa, pwa” maana yake unatua kwa kisigino au unapiga chini kwa wayo mzima, na hakuna sponji ya kukufichia kosa. Hesabu mguu wa kulia unatua mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 160, lenga 168 hadi 172 bila kuongeza kasi. Fupisha hatua tu, wayo utue chini ya nyonga, si mbele yake. Kosa la upande wa pili ni kukimbia kwa ncha za vidole kama mtu anayenyatia. Kisigino lazima kiguse chini baada ya wayo kutua, la sivyo mashavu ya miguu na kano ya kisigino yanabeba mzigo wote.

Lami laini haina shida, na kabro pia. Lami iliyochakaa, kokoto zimetokeza, inachoma nyayo kuanzia kilomita ya 6, na saa nane mchana joto lake linapenya. Mvua ikinyesha, ogopa rangi ya kivuko cha miguu na mifuniko ya chuma. Mpira huu haushiki kabisa hapo.

Karura ndiko zinakostahili kuwa. Udongo mwekundu ukiwa mkavu, unauhisi mzizi kabla hujaweka uzito wote, na kifundo cha mguu kinajirekebisha chenyewe. Changarawe ndogo kama maharage huisikii sana. Jiwe la ukubwa wa yai lililozikwa nusu ndilo adui, hasa likikupata kwenye nyama iliyo nyuma ya vidole. Macho yawe mita 3 au 4 mbele. Baada ya mvua hali inageuka: meno ya soli yana milimita 2 tu, yanajaa udongo mara moja, na unabaki umevaa sahani mbili zenye mafuta. Udongo mweusi ni mbaya zaidi, unaganda hadi kiatu kinakuwa kizito kama gambuti. Ngong Hills kupanda ni raha, lakini kushuka kwenye mawe yaliyolegea sikushauri: mteremko unalazimisha kufunga breki kwa kisigino, na pua ya kiatu haina kinga ya kucha.

Kuna wanaoshabikia viatu hivi kwa sababu ya utafiti wa mwanasayansi Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, uliotoka kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 2010, ulioonyesha kwamba waliozoea kukimbia peku, wakiwemo Wakenya, mara nyingi hutua kwa mbele au katikati ya wayo. Sawa, lakini Wakenya hao walizoea peku tangu utotoni. Wewe umevaa viatu vya ofisi miaka kumi. Anza na kilomita 1 mwishoni mwa mazoezi ya kawaida, mara mbili kwa wiki, uongeze nusu kilomita kila wiki. Nyanyua visigino mara 15, seti 3, siku moja ndiyo, moja hapana. Mashavu ya miguu kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja juu ya wayo, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, si kawaida: mfupa huenda unaanza kupata ufa. Acha kukimbia, nenda ukapimwe. Mwanamke ambaye hedhi imekatika kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo yuko hatarini zaidi, na kwa sasa asiziguse raba hizi.

Kuchakaa: mpira wa chini ya gumba umelika milimita 1, karibu wote kwa sababu ya lami. Kitambaa cha juu kimefunguka ukingoni upande wa kidole cha mwisho, pale wayo unapojikunja. Vumbi jekundu huingia humo likala gundi, kwa hiyo toa soli ya ndani, osha kwa maji baridi, jaza gazeti, anika kivulini. Fundi viatu atakishona kitambaa hicho vizuri kwa uzi wa nailoni. Mwambie mapema asiongeze kipande cha tairi chini, maana atataka kukusaidia.