TV ya chogo, friji na betri ya mama: nilivyowakabidhi wakusanyaji wa taka za kielektroniki Mbeya

Nianze na hesabu, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mtaani kwetu Isanga na kipaza sauti alikuwa tayari kunipa shilingi 47,000 taslimu: friji 15,000, betri ya sola 30,000, TV ya chogo 2,000. Wakusanyaji wenye kibali walinunua betri kwa 24,000, wakanitoza 20,000 za usafiri na 10,000 za kuichukua TV. Yaani nilitoa mfukoni 6,000. Ukipiga mahesabu, nimeacha shilingi 53,000 ili vitu vibovu vitoke nyumbani kihalali. Mdogo wangu wa kiume mpaka leo hajanielewa. "Dada, uchafu wako mwenyewe, halafu unamlipa mtu akuchukulie?"

Namwelewa. Lakini yeye hakuwepo siku vijana walipovunja chogo nyuma ya nyumba ya jirani.

Walichotaka ni shaba, ile pete ya nyaya iliyozunguka shingo ya chogo. Mmoja alipiga nyundo, kioo kikapasuka kwa kishindo kama bomba la tairi, kwa sababu ndani ya chogo hakuna hewa na kikivunjika kinavutwa ndani kabla ya kurushwa nje. Wakang'oa shaba, wakarundika nyaya juu ya kipande cha tairi, wakawasha moto. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, wa kukaba koo, na Mbeya asubuhi kukiwa na baridi moshi haupandi, unatambaa chini chini unaingia majumbani. Walipoondoka waliacha vioo pembeni ya mfereji, hatua chache kutoka kwenye matuta ya chainizi ya mama jirani. Kioo cha nyuma ya chogo, kile chenye umbo la koni, kimetengenezwa kwa risasi nyingi, yaani ile metali nzito yenye sumu. TV moja kubwa inaweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya risasi. Mbele, kwa ndani, kuna unga mweupe unaong'aa ambao nao si wa kuchezea. Nilimkuta mtoto wa miaka minne amekaa hapo akipanga vipande vya kioo kama vyombo vya kupikia. Nilivikusanya kwa koleo, nikampeleka akanawe.

Kwa hiyo mama alipohamia kwangu mwaka huu na tukaanza kusafisha stoo yake, nilishaamua. Vitu vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. TV ya chogo ya inchi 21, ile tuliyoifungia king'amuzi 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa, ikaendelea kufanya kazi miaka mingine mpaka ilipogoma kabisa. Friji. Betri ya sola ya N100. Kompyuta ya mezani ya marehemu baba. Deki mbili, pasi tatu, taa za kubana matumizi zilizoungua, na kisanduku cha viatu kilichojaa simu, nyingine zikiwa zile zilizofungiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Juni 16, 2016 kwa kuwa zilikuwa feki. Mama alikuwa anazitunza akiamini ipo siku zitafunguliwa.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote nilipita ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo iko hapa hapa jijini. Nawashauri mpite na ninyi, au mpige simu. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba taka hizi zina kanuni zake, zilizotungwa 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mtu anayezikusanya, kuzisafirisha au kuzichakata lazima awe na kibali. Kwetu sisi wa majumbani maana yake ni nyepesi: anayekuja kuchukua mwambie akuonyeshe kibali, soma jina la kampuni, soma tarehe ya mwisho. Niliowapata mimi kituo chao kikubwa kiko Dar es Salaam, na wana gari linalozunguka mikoa ya huku kila mwezi. Kibali walinitumia kwa simu kabla hata sijamaliza kuuliza. Hapo walinipa moyo.

Ila hawakufika siku waliyoahidi. Nilikaa nyumbani Alhamisi nzima, duka nimefunga, simu ya dereva haipatikani. Walikuja Ijumaa saa nne bila hata ya kusema samahani mpaka nilipolalamika. Kama unafanya kazi ya kuajiriwa jambo hili litakuudhi sana, na ningependa walirekebishe.

Walipofika sasa, kazi yao niliipenda. Alikuja dada mmoja na vijana wawili na kirikuu. Dada alimsalimia mama shikamoo, akamuuliza kila kifaa kilikuwa wapi na kama kimewahi kufunguliwa na fundi. Kisha wakatundika mizani kwenye boriti ya kibaraza, wakapima kimoja kimoja huku nikiona namba: TV kilo 22, friji 38, betri 27. Kila uzito uliandikwa kwenye fomu ya makabidhiano yenye nakala tatu, nikasaini, nikabaki na yangu. TV hawakuishika shingoni. Waliibeba kioo kikiwa kimeelekea kifuani, wakailaza juu ya godoro kuukuu, kioo chini, wakaifunga kamba.

Friji ndiyo niliyoitazama kwa makini zaidi. Nimeona mara nyingi mtu wa vyuma chakavu anavyofanya: anachukua koleo, anakata bomba la shaba nyuma, gesi inatoka fyuuu, anang'oa kompresa, basi. Dada alinionyesha kibandiko kilicho nyuma ya friji ya mama: R134a, gramu 120. Gesi hiyo haitoboi tabaka la ozoni kama R12 ya mafriji ya zamani, lakini kwa kulipasha joto anga, kilo moja yake ni sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Gramu 120 za friji moja ya mama ni kama kilo 170. Fyuuu ya sekunde chache. Wao hawakugusa bomba. Walifunga mlango kwa selotepu ya karatasi, wakaisimamisha friji wima kwenye gari ili mafuta ya kompresa yasihame. Nilipomuuliza gesi inatolewaje, baadaye alinitumia video fupi ya mashine ikiivuta kuingia kwenye mtungi. Sikumwomba ushahidi huo, alituma mwenyewe.

Betri nayo walinieleza kwa nini wao wananunua bei ya chini kuliko wa mtaani. Mnunuzi wa mtaani mara nyingi anamwaga tindikali kwanza, papo hapo chini, ili abebe risasi tu. Wao wanaisafirisha ikiwa na maji yake, imesimama kwenye beseni la plastiki, na gharama hiyo inakatwa kwenye bei. Mama aliposikia alikumbuka sehemu ya uani ambako nyasi hazioti, pale fundi wa sola alipomwagia betri ya kwanza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe." Kisha akamwambia yule dada, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Kwenye kompyuta na simu, msimwachie mtu mwingine kazi. Mkusanyaji alinipa fomu inayosema wataharibu diski, lakini mimi nilikuwa nimeshaitoa. Nilimpelekea fundi wangu wa Mwanjelwa, akaifungua kompyuta kwa dakika kumi, akatoa diski, tukanakili picha, halafu akaitoboa matundu matatu kwa drili. Kufuta mafaili peke yake hakutoshi, mtu mwenye programu anayarudisha. Mle ndani tulikuta picha za send-off ya dada yetu mkubwa ambazo familia nzima tulidhani zimepotea, baba akiwa amevaa suti ya kijivu na kucheka. Ningeliuza lile dude kwa vyuma chakavu zingekwenda na maji. Simu nilizitoa laini na memori kadi moja moja. Betri moja ilikuwa imevimba kama andazi. Hiyo usiitoboe wala usiibonyeze. Niliiweka kwenye kopo la mchanga mkavu nje ya nyumba mpaka walipokuja. Nyingine nilizibandika selotepu kwenye ncha za shaba ili zisigusane.

Sasa mambo yasiyonipendeza, mbali na kuchelewa. Cheti cha kuthibitisha kwamba vifaa vimeshughulikiwa waliniahidi ndani ya wiki mbili. Kilifika baada ya wiki tano, na mimi ndiye niliyekifuatilia, simu tatu. Kilipofika kiliandika friji na betri, lakini TV ilikuwa imeingizwa kwenye "vifaa mchanganyiko". Nimelipa 10,000 kwa ajili ya TV ile peke yake, nilitaka kujua iliko. Nikapiga tena. Jibu walilonipa lilikuwa la wazi: plastiki, shaba na bodi vimeshatenganishwa, lakini kioo chenye risasi bado kiko kwenye mapipa yaliyofungwa Dar es Salaam kikisubiri kupelekwa nje kwenye kiwanda kinachoweza kukichakata. Na kukisafirisha si kupakia tu kontena. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi, taka zote za kielektroniki zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijavuka mpaka. Nililipokea jibu hilo. Kioo kilichofungwa kwenye pipa ni tofauti kabisa na kioo kwenye matuta ya chainizi. Lakini wangeniandikia hivyo kwenye cheti tangu mwanzo.

Bei ya usafiri pia ni kubwa kwa mtu mwenye pasi moja na deki. Hiyo 20,000 ni kwa gari kusimama mlangoni, iwe umetoa kilo 5 au kilo 100. Mkijikusanya nyumba nne tano mtaa mmoja, mnagawana. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa, amekubali tutumie kibaraza cha ofisi kwa siku moja.

Na taa za kubana matumizi hawakuzibeba safari ile kwa sababu hawakuwa na chombo chake. Zina zebaki, zikipasuka garini ni hatari kwao wenyewe. Zipo 11, nimezifunga kwa magazeti kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Dada amesema mwezi ujao atakuja na boksi lake. Majirani wawili wameshaniletea za kwao, na yule mama wa chainizi ameniuliza kama chogo lake, ambalo bado zima kioo, naweza kumwandikisha.