Wiki moja baharini na Mama: niliyoyaona kwenye meli kubwa, kuanzia Entebbe

Mama yangu ni muuguzi mstaafu, mtu wa Tororo, na miaka yote ambayo miguu ilimruhusu hakukosa hija ya Namugongo, walikouawa mashahidi wa imani wa Uganda, kila Juni 3. Alipostaafu aliomba jambo moja tu: aione Roma, mahali ambapo Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi wetu kuwa watakatifu, Oktoba 18, 1964. Sisi watoto tukachanga. Dada yangu ndiye aliyetoa wazo la kuunganisha Roma na meli ya kitalii, kwa sababu Mama anavimba miguu, na kumhamisha hoteli kila baada ya siku mbili kungemchosha. Kwa meli, unapanga nguo kabatini mara moja, halafu miji ndiyo inakuja mlangoni kwako.

Basi Oktoba 2024, miaka 60 tangu tangazo lile, mimi na yeye tulikuwa Roma. Siku mbili baadaye tukapanda meli bandari ya Civitavecchia kwa usiku saba: Palermo, Valletta, siku nzima ya bahari tupu, Barcelona, Marseille, Genova, kisha tukarudi tulikoanzia.

Safari ilikuwa nzuri, na ningempeleka tena. Lakini karibu kila kilichotuendea vizuri kilitokana na maandalizi ya nchi kavu, na karibu kila kilichotuumiza ni jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Ushauri mwingi wa safari hizi umeandikwa na watu wenye pasipoti zisizohitaji viza. Sisi wa Uganda tunaanza mbali zaidi.

Nianze na viza, maana ndiyo iliyotugharimu usingizi. Kabla hujapenda picha ya meli, soma orodha ya bandari zake, nchi baada ya nchi. Njia yetu yote ilikuwa ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata Malta. Lakini meli nyingi zinazokwenda Ugiriki hupita pia Uturuki, na zile za Adriatiki hupenda kuingia Kotor, ambayo iko Montenegro. Huko ni nje ya Schengen. Ukitoka na viza ya kuingia mara moja umeshaitumia, na kurudi ndani ni matatizo. Hata sisi ambao hatukutoka tuliomba ya kuingia mara nyingi, kwa sababu upepo ukichachamaa nahodha ana haki ya kubadili bandari bila kumuuliza abiria.

Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwetu ilikuwa Italia. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, nami nakusihi usiiachie mwezi wa mwisho. Ada ilikuwa yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu lazima ifike yuro 30,000. Hiyo bima isome vizuri. Ya kwanza niliyouziwa ilitosha kwa ubalozi, ila nilipouliza kama inalipia mgonjwa anayetolewa melini katikati ya bahari, jibu likawa hapana. Nikanunua nyingine. Zahanati ya meli ni ya kulipia, na Mama ana presha; sikutaka kubahatisha.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isibaki nyumbani. Hata Entebbe watakuuliza unaporudi.

Jambo la pili, na hapa nasisitiza kuliko popote: usiruke siku ileile ya kupanda meli. Ndege yetu ya kwanza ilichelewa, tukaikosa ya kuunganisha, tukafika Roma karibu siku nzima nyuma ya ratiba. Kwa kuwa tulikuwa na siku tatu mbele yetu, tulichopoteza ni matembezi ya jioni moja. Mezani melini tulikaa na mume na mke kutoka Nairobi ambao walipanga kutua asubuhi na kupanda mchana. Ndege ikachelewa, na meli ikang'oa nanga bila wao. Walijilipia usafiri hadi Palermo, wakaikuta huko. Mke alisema hakuweza kula chochote siku mbili zile.

Kutoka Roma Termini hadi Civitavecchia ni treni ya saa moja hivi, na ni nafuu sana kuliko teksi. Ukifika kuna basi la kwenda Largo della Pace, na kutoka hapo basi jingine hadi ubavuni mwa meli. Hapo nilisimama nikatazama juu. Mimi meli yangu kubwa ilikuwa MV Kalangala, ile ya Ziwa Victoria kutoka Nakiwogo kwenda Lutoboka inayobeba abiria mia na kidogo. Hii ilibeba maelfu. Mama alifanya ishara ya msalaba, akasema, "Mwanangu, hili ni jengo. Nani analisukuma?"

Mizigo mikubwa unaiacha gatini ikiwa na lebo za namba ya chumba, na huenda usiione hadi jioni. Kwa hiyo dawa, pasipoti, miwani, chaja na nguo moja ya kubadili vikae kwenye mkoba wa mkononi. Dawa za presha za Mama sikuziachia mtu yeyote. Begi lake kubwa lilichelewa kuliko langu, na nilipokwenda kuuliza nikaambiwa limezuiwa kwa walinzi. Kumbe alikuwa amefungasha ile koili ya umeme ya kuchemshia maji, aliyoizoea zamu za usiku kazini. Pasi, birika, koili, chochote kinachopasha moto hakiruhusiwi vyumbani, kwa hofu ya moto, na moto baharini hauna pa kukimbilia. Walikuwa na adabu. Wakaifunga kwenye mfuko, wakatupa karatasi ya kuichukulia siku ya mwisho.

Kisha lilikuja zoezi la dharura. Niliona watu wakilifanya shingo upande, wengine wakicheka, na iliniudhi kweli. Costa Concordia ilitoka bandari hiihii ya Civitavecchia jioni ya Januari 13, 2012, na usiku uleule ikagonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa. Abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi lolote; lilipangwa kesho yake. Ni baada ya hapo kanuni za kimataifa zikabadilishwa, sasa zoezi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Nasi Waganda tuna yetu. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, ikiwa imejaza kupita kiasi, na wengi walikuwa hawajavaa jaketi. Mama hakuhitaji kuelezwa. Alisikiliza milio saba mifupi na mmoja mrefu, akaenda hadi kituo chetu cha kukusanyikia, halafu akanitaka turudi chumbani tuanze upya, safari hii kwa ngazi, maana lifti hazitumiki wakati wa hatari. Tulihesabu milango. Ilituchukua dakika kumi na moja kwa mwendo wake, na kuanzia hapo alilala vizuri.

Kuhusu chumba: tulichukua cha ndani, kisicho na dirisha, sehemu ya katikati na sitaha ya chini kidogo. Ndicho cha bei ndogo, na ndiko meli inakoyumba kidogo zaidi. Usiku wa kutoka Barcelona kwenda Marseille tulivuka Ghuba ya Simba, maarufu kwa upepo wa mistrali, na wenzetu wa Nairobi waliokuwa na roshani juu mbele hawakulala. Mama alitafuna tangawizi yake, akakoroma. Angalia pia ramani ya meli kabla ya kukubali namba ya chumba. Kilicho chini ya bufee kina kelele za viti kuanzia alfajiri, na kilicho chini ya ukumbi wa dansi kina kelele hadi alfajiri. Kwa mzee, omba chumba kilicho karibu na lifti. Kumbuka meli kama hizi zinazidi mita 300 kwa urefu, na ukisahau miwani chumbani unarudi safari nzima.

Na kama unasafiri na mtu asiyeweza ngazi vizuri, uliza bandari zipi meli hutia nanga mbali na watu wakashushwa kwa mashua ndogo. Santorini na Cannes ni hivyo. Sisi tulichagua njia ambayo kila mahali meli inafunga gatini.

Pesa. Melini hulipi taslimu, kila kitu kinaingia kwenye kadi ya chumba, na hiyo unaiunganisha na kadi ya benki. Nilisajili kadi yangu ya Kampala. Siku ya tatu nikagundua kwamba mbali na nilichotumia, kuna fedha nyingine zimezuiwa kama dhamana, na zilikaa hivyo hadi wiki ya pili baada ya kurudi. Kama akaunti yako ndiyo hiyohiyo ya kula ukishuka, utakwama. Nenda mapokezi siku ya kwanza uweke amana ya yuro taslimu. Wanakubali, na kinachobaki wanarudisha. Simu nayo iweke hali ya ndege kabla meli haijaondoka. Katikati ya bahari inakamata mtandao wa setilaiti wa meli, ambao ni ghali mno. Dada yangu alikuwa anapata ujumbe wetu tukifika bandarini tu, na tulikuwa tumemwambia mapema asihangaike.

Vifurushi vya vinywaji sitavisema sana. Mama hanywi, mimi nakunywa kidogo, na kampuni nyingi hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue pamoja. Maji na chai ya bufee vilitutosha.

Bahshishi ndiyo iliyonifikirisha. Kila usiku walikata kiasi kwa kila mtu, na watu walipanga foleni mapokezi kuomba kiondolewe. Nami nilikuwa karibu kujiunga nao, hadi nilipozungumza na kijana aliyesafisha chumba chetu. Alisoma jina la Mama mlangoni, akabisha, akasema kwa Kiswahili cha pwani, "Hodi, mama, nimewaletea taulo." Mama alikaribia kulia. Kijana ni wa Mombasa, mkataba wake ni wa miezi mingi mfululizo bila kurudi nyumbani, na alikuwa anamsomesha mdogo wake. Kuanzia siku ile tukampa pia cha mkononi. Ukikutana na Mwafrika Mashariki melini, msalimie kwa lugha yetu. Na unawe mikono kila unapoingia bufee. Magonjwa ya tumbo husambaa haraka kwenye meli. Mama, aliyefanya kazi wodini miaka 30, aliwasimamia hata Wazungu wazima.

Usiku wa mavazi rasmi alivaa gomesi, lile gauni letu la Uganda, ya zambarau. Nahodha mwenyewe alisimama kumwamkia.

Bandarini, Palermo ni rahisi: unashuka na mji uko palepale. Valletta inatisha ukiitazama kuta zake kutoka chini, lakini kuna lifti inayopanda mita 58 hadi bustani za Upper Barrakka. Marseille ndiko nilikokosea. Gati la meli kubwa liko mbali na mji. Mama alitaka kuliona kanisa la Notre-Dame de la Garde kilimani, ambako mabaharia wametundika meli ndogo za sanamu darini kumshukuru Mungu kwa kuokoka. Tulipanda basi namba 60 kutoka bandari ya zamani. Alikaa chini ya zile meli muda mrefu, akawaombea waliozama ziwani, na sikuwa na moyo wa kumhimiza. Kurudi tukakuta foleni ya magari. Mwisho wa kupanda ulikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Tulikanyaga ngazi za meli zikiwa zimebaki dakika tisa, mimi nimembebea mkoba na yeye akinishika bega.

Ukienda na ziara iliyouzwa na meli, wakichelewa ni jukumu lao. Ukienda mwenyewe, meli haikungoji. Kwa Mganda jambo hilo linazidi nauli, kwa sababu unabaki na hesabu ya siku za viza. Beba pasipoti yako au nakala yake kama meli imeishika, andika namba ya wakala wa meli wa bandari ile, na jiwekee saa mbili za ziada. Genova tulitembea karibu tu, tukanunua mikate ya mafuta, tukarudi mapema.

Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango kabla ya saa sita, ikabebwa. Bakiza nguo za asubuhi! Tulimwona bwana mmoja akishuka kwa kanzu ya kuogea. Ndege yetu ilikuwa ya usiku, kwa hiyo hatukukimbizana na mtu. Pale chini Mama alitoa ile karatasi, mlinzi akamletea mfuko wake wenye lebo. Aliikagua koili, akaweka sahihi, akaitia mkobani, tukaenda kusubiri treni.