Usilipie Nakupenda kabla hujauliza maji

Ukiacha vilio vya bei, ujumbe mwingi ninaoletewa kuhusu matembezi ya mwisho kabla ya kuondoka Zanzibar ni wa aina moja: mtu kalipia Nakupenda, kapelekwa, kakuta bahari tupu. Nahodha kazungusha mashua, kanyoosha kidole, "huwa pale," wakageuza. Ukidai pesa yako unaambiwa mafuta yameshaungua.

Jamani, Nakupenda si kisiwa. Ni fungu la mchanga, na maji yakijaa fungu huzama. Papasi, yaani dalali wa mtaani wa safari, anayekutolea picha pale Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, ile ya karatasi ya plastiki iliyopauka kwa jua, analijua hilo tangu utotoni. Hakwambii kwa sababu hujamuuliza. Watu huuliza bei, huuliza maboya, huuliza kama kuna kivuli na kama pweza yumo kwenye chakula. Maji hayaulizwi.

Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: asubuhi ile ile maji yako juu, ijapokuwa ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na kupwa kunasubiri alasiri. Kati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Basi mwenye boti ya alasiri kurudi Dar anataka siku za bamvua: ataondoka ufukweni saa mbili na nusu, atakanyaga mchanga, na saa saba yuko mjini anatafuta begi lake. Mwenye ndege ya usiku anaweza kuyangoja maji mafu yapwe alasiri. Aliyeangukia vibaya aiache Nakupenda, fungu halitahama.

Sasa mpangilio wangu wa matembezi hayo ya mwisho, bora likitangulia.

Wa kwanza, na upendeleo wangu sifichi, ni Safari Blue, matembezi ya mashua ya siku nzima. Nasema ile yenyewe ya Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, maana jina limeshakuwa la kila mtu na mapapasi mjini wanauza "safari blue" zao kwa mashua yoyote iliyo karibu. Uliza inaanzia wapi. Asipotaja Fumba, mshukuru uendelee na safari yako. Ninaipenda kwa sababu ya maji hayo hayo: siku nzima mko kwenye ghuba ya Menai, na ratiba inafuata bahari. Yakipwa mnashushwa kwenye fungu la mchanga. Yakijaa kuna pahala pa kuogelea katikati ya mikoko, penye maji ya buluu, ambapo maji yakiwa chini hapaogeleki. Chakula ni samaki na vya baharini vya kuchoma kisiwani Kwale, na baada ya kula kila mgeni huupanda ule mbuyu mkubwa ulioanguka na bado unamea. Bei si ya kitoto. Lakini chakula, matunda, vinywaji na miwani ya kuzamia vimo ndani, na ukijumlisha vyote unavyotozwa kimoja kimoja kwingine, utaona sikupotoshi. Ila uifanye siku moja kabla ya kuondoka. Siku yenyewe ya safari utachelewa.

Wa pili ni kisiwa cha Changuu pamoja na Nakupenda, nusu siku, kutokea ufukwe wa Forodhani au Mizingani. Gereza la Changuu lilijengwa mwaka 1893 lakini wafungwa hawakuletwa. Badala yake pakawa karantini ya wasafiri. Kobe wakubwa walitoka Ushelisheli mwaka 1919. Mkune kobe shingoni taratibu uone anavyoinuka na kuirefusha, utasahau hata picha. Mambo mawili ya pesa hapa: mashua hukodishwa nzima, kwa hiyo tafuteni wenzenu mgawane badala ya kukubali bei ya kichwa, na kiingilio cha kisiwa aghalabu hakimo, unakutana nacho ukishashuka.

Wa tatu ni jahazi la machweo. Hapa maji hayana neno, ila uliza kama tanga litatwekwa. Wengine hukuendesha kwa mashine mwanzo mpaka mwisho, tanga limefungwa kama mapambo, na moshi wote unakujia wewe uliyelipia upepo. Miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, beba koti.

Kwa asiye na bajeti: kutembea Mizingani ni bure, Ngome Kongwe iko pale pale, na jumba la Beit el-Ajaib la mwaka 1883, lililoporomoka sehemu mwaka 2020, unalitazama kwa nje. Saa mbili zinatosha.

Lakini hizi dola! Umetoka Temeke, unazungumza Kiswahili, muuzaji anazungumza Kiswahili, bei inatajwa kwa dola. Ukiomba shilingi anapiga hesabu kwa kiwango alichokitunga yeye, halafu anakwambia "dada, hiyo ni bei ya mwenyeji." Mwenyeji gani anayelipa hivyo? Taja shilingi wewe kwanza, na utaje ya mashua nzima.

Risiti mara nyingi hupewi. Mwambie akuandikie kwenye simu, kabla hujatoa hata senti: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, kiingilio kimo au hakimo, na maji yanapwa saa ngapi. Lipa nusu ukipanda na nusu ukishuka. Akikataa kuandika hilo la maji, nenda kwa mwenzake. Wamejipanga mpaka Mti Mkubwa, ule wa Mizingani.